Dhahabu nyekundu kwenye bika: mwongozo wa kuonyesha darasani jinsi chembe za metali zinavyotafutiwa kazi katika picha za saratani

Mwanafunzi wa kidato cha tano hapa Tabora akisikia kwamba dhahabu inafanyiwa utafiti ili isaidie kuona saratani kwenye CT skani, swali lake la kwanza huwa bei. La pili: inaingiaje mwilini? Maswali yote mawili yanajibika kwa jaribio moja linaloenea kwenye vipindi viwili vya mfululizo, yaani dakika 80, kama vifaa vimeandaliwa mapema.

Mwongozo huu ni kwa mwalimu wa kemia au fizikia, au anayesimamia klabu ya sayansi. Maabara ya kawaida ya sekondari inatosha. Kinachotoka kwenye bika si dawa, na hakiingii mwilini mwa mtu wala mnyama. Nia ni wanafunzi waone kwa macho yao kwamba kutengeneza chembe zenyewe ni kazi ya dakika 10 hivi, ila kuzivika vazi litakaloziwezesha kusafiri ndani ya damu ndiko kunakowasumbua watafiti mpaka leo.

Hatua ya 1: Anza na kipimo cha mimba

Usianze na kemikali. Nenda duka la dawa, nunua vipimo viwili vitatu vya mimba, vile vya kijikaratasi vya bei ya chini. Darasa litacheka, liache licheke. Chovya kimoja kwenye maji safi na uwaambie waangalie kwa karibu. Wekundu mwepesi utapanda na maji, utapita eneo la kwanza bila kusimama, kisha utajikusanya kwenye mstari wa pili, ule wa kuonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi.

Katika vipimo vingi vya aina hii wekundu huo ni dhahabu. Ni chembe ndogo mno zilizobandikwa kingamwili, na kingamwili hizo hunasa pale tu zinapokuta kitu zilichoumbwa kukitafuta. mRDT ya malaria, ambayo kila mtoto wa Tabora na Kigoma ameshachomwa kidole kwa ajili yake, kwa kawaida hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Usilete darasani mRDT zilizotumika, zina damu ya watu.

Waache wakae na wazo hilo: chembe ya metali, kitu cha kuiongoza kilichobandikwa juu yake, na mahali inapojikusanya mpaka ionekane. Anayetaka kuona uvimbe wa saratani kwa kutumia chembe za metali anafuata wazo hilo hilo, tofauti ni kwamba karatasi yake ni mwili mzima.

Hatua ya 2: Kusanya vifaa

Cha gharama ni kimoja: asidi ya tetrakloroauriki, HAuCl4, ambayo wauzaji wengi wataielewa ukisema kloridi ya dhahabu. Iagize kwa muuzaji wa kemikali aliyesajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Huja kwenye kichupa cha gramu 1, na nusu ya uzito huo ni dhahabu yenyewe. Kichupa kimoja kinatosha majaribio zaidi ya 120 ya kiasi nitakachotaja, kwa hiyo shule mbili tatu zikichangiana halitakuwa jambo la kutisha.

Daima atatokea mtu wa kupendekeza myeyushe dhahabu ya wachimbaji wadogo, kwa kuwa Nzega haiko mbali na kila mtu ana mjomba anayechimba. Hapana. Kuiyeyusha kunahitaji mchanganyiko wa asidi ya nitriki na asidi ya hidrokloriki unaotoa moshi wa sumu, na dhahabu ya aina hiyo mara nyingi imepitia zebaki.

Vingine ni vya kawaida: sitrati ya trisodiamu, chumvi ya jikoni, sukari, jelatini ya kupikia, chupa moja ya maji ya dripu ya chumvi (ile ya asilimia 0.9), bika mbili za mililita 50 au 100, testi tyubu sita, mabomba ya sindano ya mililita 5 yasiyo na sindano, fimbo ya kioo, jiko la gesi au spiriti, glovu, miwani ya kinga, na tochi ya leza nyekundu ya mtaani.

Mambo mawili hapo yana mtego. Jelatini hutokana na nguruwe au ng'ombe. Soma pakiti, na kama haisemi, waambie wanafunzi mapema ili asiyetaka kuigusa asiiguse. Maji nayo lazima yawe yaliyokenekwa. Ya bomba yana chumvi ya kutosha kuharibu kila kitu kabla hujaanza. Ukienda kuyanunua kwenye duka la spea ukasema tu "maji ya betri", unaweza kupewa asidi. Soma lebo, na muuzaji akisita, usinunue.

Hatua ya 3: Osha kuliko ulivyozoea

Chembe hizi hushika uchafu wowote. Osha bika kwa sabuni, suuza kwa maji mengi, kisha suuza mara tatu kwa maji yaliyokenekwa na uzikaushe zikiwa zimefunikwa na karatasi safi. Bika zenye mikwaruzo au madoa ya majaribio ya zamani ziweke kando.

Kijiko cha chuma kisiguse kloridi ya dhahabu. Dhahabu itaacha myeyusho na kuganda juu ya chuma, na hela yako itakuwa imepakwa kwenye kijiko. Tumia plastiki au kioo. Ikigusa ngozi inachoma na kuacha doa la zambarau linalokaa siku kadhaa, kwa hiyo glovu si za kupigia picha.

Hatua ya 4: Yeyusha kichupa chote kwa mkupuo

Hapa wengi hupata shida bila sababu. Kloridi ya dhahabu hufyonza unyevu wa hewa, na ukijaribu kuipima miligramu nane kwenye mizani ya shule itakuwa imeshalowana na kunata kabla hujasoma namba. Usiipime. Gramu 1 iliyomo kwenye kichupa iyeyushe yote katika mililita 254 za maji yaliyokenekwa. Utapata akiba ya milimola 10 kwa lita, yenye rangi ya njano. Itie kwenye chupa ya kahawia yenye mfuniko wa plastiki, andika jina na tarehe, funga kabatini.

Kisha yeyusha gramu 1 ya sitrati katika mililita 100 za maji yaliyokenekwa. Hii itengeneze siku ile ile ya jaribio.

Hatua ya 5: Chemsha, mimina, tazama

Vuta mililita 2 za akiba ya dhahabu, ongeza mililita 18 za maji, bandika jikoni. Maji yatakuwa na unjano hafifu. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo yatachemka kwenye nyuzi 96 au karibu na hapo badala ya 100. Haidhuru, jaribio linakubali.

Yakianza kutokota sawasawa, mimina mililita 2 za sitrati kwa mara moja, si tone kwa tone, huku ukikoroga kwa fimbo ya kioo. Wanyamazishe wanafunzi na waangalie. Unjano hupotea na maji kuwa kama hayana kitu. Kisha huingia ukijivu, halafu weusi wenye ubuluu ambao humfanya asiyejua adhani kazi imeharibika. Usizime jiko. Weusi unageuka zambarau, zambarau inaelekea wekundu, na ndani ya dakika 10 hivi unakuwa na kitu chenye rangi ya juisi ya rozela, kisafi, bila mashapo. Maji yakipungua kwa kuchemka, ongeza yaliyokenekwa mpaka yarudi mililita 22. Zima, acha yapoe.

Njia hii ilielezwa na John Turkevich na wenzake mwaka 1951, na inatumika hadi leo kwenye maabara kubwa na ndogo. Sitrati inafanya kazi mbili: inazigeuza ioni za dhahabu kuwa dhahabu kamili, na inajipanga juu ya kila chembe ikiipa chaji hasi, hivyo chembe zinasukumana na kubaki zimetawanyika. Kwa vipimo hivi, chembe huwa na upana wa nanomita 13 hadi 15. Ukizipanga kwenye mstari, utahitaji kama 70,000 kufika milimita moja.

Piga leza kwenye bika. Mwale utaonekana ukipita ndani ya kioevu, kwa sababu chembe zinautawanya. Piga kwenye maji matupu, hauonekani. Michael Faraday alishafika hapa mwaka 1857: aliitengeneza dhahabu nyekundu ya namna hii akatambua kwamba wekundu wake unatokana na udogo wa chembe.

Hatua ya 6: Ziue kwa chumvi

Hili ndilo somo lenyewe, usiliharakishe.

Weka mililita 2 za dhahabu nyekundu kwenye kila moja ya testi tyubu tatu. Ya kwanza ongeza mililita 2 za maji yaliyokenekwa yenye sukari kidogo. Inapauka kidogo kwa kuongezewa maji, ila inabaki nyekundu. Ya pili ongeza matone matano ya maji ya chumvi ya jikoni yaliyokolea. Inageuka zambarau au buluu mbele ya macho yenu. Ya tatu ongeza mililita 2 za maji ya dripu. Nayo inageuka, pengine taratibu zaidi.

Waulize: maji ya dripu yana chumvi kiasi gani? Kiasi kinacholingana na cha damu. Na hapo mmeshayapunguza makali kwa nusu. Chembe yenye sitrati peke yake, nzuri na nyekundu kama ilivyo, ikiingia kwenye chumvi ya mwili inashikana na wenzake na kuwa bonge. Ioni za chumvi huzingira ile chaji hasi, msukumano unaisha, chembe zinagusana. Mabonge kwenye mishipa myembamba ya mapafu ni hatari tupu.

Hapa atatokea wa kusema kwamba iliyogeuka buluu haitaonekana tena kwenye CT skani. Msubiri huyo, maana ndiye anayefungua mlango. Rangi ni habari ya mwanga na elektroni za juu ya chembe. Eksirei haijali rangi. Inachojali ni atomu nzito ziko ngapi njiani, na dhahabu ya buluu ina atomu zile zile za dhahabu nyekundu. Ingeonekana sawasawa. Tatizo lake ni safari.

Hatua ya 7: Zivike vazi

Loweka robo kijiko cha chai cha jelatini kwenye maji yaliyokenekwa, mililita 100 hivi, kisha pasha mpaka iyeyuke, acha ipoe. Chukua testi tyubu nyingine yenye mililita 2 za dhahabu nyekundu, ongeza mililita 1 ya jelatini, tikisa, subiri dakika tano. Sasa ongeza matone matano ya maji ya chumvi, yale yale yaliyoiua ile testi tyubu ya pili.

Inabaki nyekundu.

Jelatini imejiviringisha juu ya chembe, na sasa hata chaji ikizimwa chembe haziwezi kukaribiana. Richard Zsigmondy, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya kemia ya mwaka 1925, alitumia jambo hili hili kupima nguvu ya kinga ya vitu mbalimbali: ni miligramu ngapi za jelatini au za gundi zinahitajika kuzuia dhahabu isigeuke buluu kwa chumvi. Watafiti wa leo wanatumia zaidi polima iitwayo polietilini glaikoli, ambayo pia huichelewesha kinga ya mwili kuitambua chembe.

Wanafunzi wenye haraka waruhusu wajaribu kinyume chake: chumvi kwanza, jelatini baadaye. Iliyokwisha kuwa buluu hairudi.

Hatua ya 8: Hesabu ubaoni

Sasa jibu la swali la bei. Kwenye eksirei, atomu nzito huzuia miale zaidi. Dawa ya kawaida ya kontrasti, ile anayodungwa mgonjwa ili picha ya CT skani ionekane vizuri, ina ayodini, namba ya atomu 53. Dhahabu ni 79. Kwa uzito ule ule, katika nishati ya keV 100, dhahabu hufyonza karibu mara 2.7 ya ayodini. Isitoshe, ayodini hutoka haraka kwa figo, ndiyo maana picha hupigwa dakika chache baada ya sindano, wakati chembe zilizovikwa vizuri hukaa kwenye damu kwa muda mrefu zaidi.

Mwaka 2006 James Hainfeld na wenzake nchini Marekani walionyesha jambo hilo kwa panya wenye uvimbe, wakitumia chembe za nanomita 1.9. Mishipa na uvimbe vilionekana vizuri kwenye eksirei. Dozi ilikuwa gramu 2.7 za dhahabu kwa kila kilo ya mnyama.

Andika ubaoni: mtu wa kilo 60, mara 2.7, ni gramu 162 za dhahabu kwa picha moja. Dozi ya binadamu haipatikani kwa kuzidisha ya panya namna hii, lakini ukubwa wa tatizo unaonekana. Kisha waulize wangehitaji kiasi gani cha ile waliyotengeneza. Kila mililita ina miligramu 0.18 hivi za dhahabu. Jibu ni zaidi ya lita 900, karibu kujaza tanki la maji la lita 1,000. CT skani inahitaji miligramu kadhaa kwa mililita pale pale kwenye uvimbe ili ione kitu, hivyo bika yenu ikiwekwa kwenye mashine ingefanana sana na maji.

Linganisha na chuma. MRI haipimi uzito wa atomu. Inasikiliza protoni za maji ndani ya usumaku, na chembe kidogo tu za oksidi ya chuma huivuruga sauti hiyo. Feridex, dawa ya chembe za oksidi ya chuma zilizovikwa dekstrani (polima ya sukari), iliidhinishwa Marekani mwaka 1996 kwa picha za ini. Dozi yake ilikuwa miligramu 0.56 za chuma kwa kilo, kwa hiyo mtu wetu wa kilo 60 anapata miligramu 34. Gramu 162 upande mmoja, miligramu 34 upande mwingine. Acha namba hizo zikae ubaoni.

Hatua ya 9: Zinakwenda wapi?

Figo huchuja chembe zisizozidi nanomita 5.5 hivi. Zetu za 13 hazipiti. Zikiwa mwilini, nyingi zingemezwa na seli walinzi wa ini na wengu, na dhahabu haiyeyuki huko. Inakaa miezi au zaidi. Chuma afadhali, mwili unajua kukitumia.

Feridex iligeuza kasoro hii kuwa kazi. Sehemu ya ini isiyo na ugonjwa inameza chembe na kuwa nyeusi kwenye picha. Uvimbe hauna seli hizo za kumeza, unabaki mweupe, daktari anauona. Kwa maoni yangu hilo ni wazo la werevu kuliko mengi yaliyofuata. Hata hivyo biashara yake haikudumu, ikaondolewa sokoni mwaka 2008.

Kwa uvimbe wa sehemu nyingine, matumaini yaliwekwa kwenye ugunduzi wa Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda wa Japani, mwaka 1986: mishipa ya damu ya uvimbe huvuja, kwa hiyo vitu vikubwa kiasi hupenya na kubaki humo. Kwa panya inapendeza. Lakini uchambuzi mkubwa wa mwaka 2016 wa majaribio ya wanyama ulikuta kwamba kwa kawaida ni asilimia 0.7 tu ya chembe zilizodungwa zinazofika kwenye uvimbe. Mwanafunzi akiuliza kwa nini dhahabu haijafika chumba cha CT skani, ana sababu tatu ubaoni: gramu nyingi, ini, na hiyo 0.7.

Hatua ya 10: Kusafisha, na swali litakaloulizwa mlangoni

Hakuna kinachomwagwa kwenye sinki kikiwa bado na dhahabu. Yenye jelatini iweke kwenye chupa yake, maana chumvi haitaishusha. Vingine vyote vikusanye kwenye chupa moja, tia chumvi, acha siku mbili dhahabu ishuke chini, mwaga maji ya juu, tunza mashapo. Asiwepo wa kuonja. Mitandaoni wapo wanaouza "maji ya dhahabu" kama tiba, na wanafunzi wameshayaona.

Kipindi kikiisha, mara nyingi atabaki mmoja mwenye mgonjwa nyumbani, aliyeandikiwa CT skani au MRI ya dawa huko Bugando au Ocean Road, na anataka kujua kama ni dhahabu hii. Mjibu bila kumzungusha: ya CT ni ayodini, ya MRI kwa kawaida ni gadolini, dawa zilizotumika kwa miaka mingi. Mgonjwa aseme mapema kama ana ugonjwa wa figo, kama aliwahi kupata mzio wa dawa ya picha, kama ana ujauzito, na kama anameza metformini ya kisukari. Majibu ya kreatinini, kile kipimo cha damu cha kuangalia figo, ayabebe kama anayo. Kwa MRI, ataje metali yoyote aliyowekewa mwilini.

Dhahabu nyekundu iliyobaki na ambayo haijaguswa na chumvi itunze kwenye chupa safi ya kahawia, mahali pa baridi, lakini isigande barafu, maana ikiganda zitashikana. Itakaa miezi. Kabla ya kuitumia na darasa jingine iangalie kwenye mwanga: ikiwa imeingia zambarau, itie kwenye chupa ya mashapo na uchemshe nyingine.